Vita ya Kwanza ya Dunia haikuishia Ulaya peke yake

Jamani, ile meseji ya kila Novemba imerudi tena kwenye magrupu, eti Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa ugomvi wa Wazungu kwao huko, Afrika haikuhusika, na saa tano asubuhi tarehe 11 Novemba 1918 bunduki zote duniani zikanyamaza. Tarehe ni ya kweli, ila siku hiyo zilinyamaza za kule Ufaransa na Ubelgiji. Huku kwetu tarehe 13 jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki ndo kwanza linaingia Kasama, Zambia ya leo, habari hawana, simu ya upepo hawana, wakaja kuambiwa baadaye na wakasalimu amri tarehe 25 mjini Abercorn, sasa Mbala. Na hata hiyo ya Novemba 11 ilikuwa kusitisha mapigano tu, mkataba wa amani wa Versailles ulisainiwa Juni 28, 1919, ndo koloni la Wajerumani huku likagawanywa, Tanganyika ikaenda kwa Waingereza na Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji.

Watu wanachanganya kwa sababu vitabu vya shule vinaanzia Sarajevo 1914 vinamalizia Paris, mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yanapitwa juu juu. Ukitaka kuhakikisha nenda kasome maandishi chini ya sanamu ya Askari pale Posta Dar, wapagazi waliolibebea jeshi mizigo wametajwa. Kariakoo yenyewe jina limetoka kwa hao wabeba mizigo, Carrier Corps, tunanunua mitumba pale kila siku! Kwa hiyo ikikufikia tena usiiforwadi, mtumie aliyekutumia hizo tarehe.