Matege Yasiyosikia Vitamini D: Kazi ya Kipokezi Ndani ya Seli

Mtoto ameanza kutembea, miguu imepinda, mbavu zina vinundu kama shanga zilizotungwa, na nywele za kichwani, pengine hata kope, zimekatika zote. Mama amemtoa juani kila asubuhi na kumpa matone ya vitamini D kwa miezi, bila nafuu. Damu ikipimwa, vitamini D inaonekana ya kutosha. Kwa mtoto wa namna hii tunakishuku kipokezi, yaani protini ya ndani ya seli inayoipokea vitamini D.

Vitamini D inayotengenezwa na ngozi kwa nguvu ya jua haifanyi kazi vivyo hivyo. Ini huibadilisha kwanza, kisha figo huikamilisha kuwa homoni, nayo homoni hiyo husafiri kwa damu hadi ndani ya seli, ambako hukutana na kipokezi chake: protini yenye asidi amino 427, ambayo jeni yake iko katika kromosomu ya 12. Vikishashikana, kipokezi huungana na protini mwenzake, vikakaa pamoja juu ya DNA na kuziamsha jeni zinazohusika. Utumboni, jeni hizo ndizo zinazowezesha kalsiamu ya chakula kufyonzwa.

Mtoto akirithi jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama, homoni hubisha hodi na asiwepo wa kuifungulia. Kalsiamu hushuka katika damu, tezi za parathiroidi, tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, huichukua kutoka mifupani, na figo huzidi kutoa homoni, ndiyo maana kiwango chake hupanda sana. Ugonjwa huu ni adimu. Ulielezwa mwaka 1978, na hitilafu ya jeni ikabainishwa mwaka 1988. Wazazi, ambao mara nyingi wana undugu wa damu, huwa wazima kabisa, ila kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Mama asilaumiwe, wala maziwa yake.

Kipokezi kimo pia katika seli za kinga. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba seli hizo hukitumia kutengeneza kemikali inayoua bakteria wa kifua kikuu, na wengi tukajawa na matumaini. Hata hivyo, utafiti wa Dar es Salaam uliohusisha watu wazima 4,000 wenye VVU waliokuwa wakianza dawa, wote wakiwa na vitamini D pungufu, ulichapishwa mwaka 2020 na haukuona kwamba nyongeza ya vitamini hiyo inapunguza vifo au kifua kikuu. Vidonge hivyo visinunuliwe kama kinga ya kifua kikuu.

Turudi kwa mtoto wetu. Kwa kuwa utumbo wake haufyonzi kalsiamu ipasavyo, hupewa kalsiamu kwa dripu, moja kwa moja kwenye mshipa, kwa miezi mingi, na mifupa hukomaa ingawa kipokezi bado ni kibovu. Baadaye wengi huendelea na kalsiamu nyingi ya kumeza. Nywele kwa kawaida hazirudi, kwani shina la unywele hukihitaji kipokezi chenyewe hata pasipo homoni. Watoto ambao figo zao hushindwa kutengeneza homoni hupata matege vilevile, lakini nywele zao hubaki. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto mwenye matege hospitali amweleze daktari, hata asipoulizwa, kama nywele zimekatika na zilianza lini.