Baiskeli wakati wa mlipuko: tazama unaposhukia

Mwaka 2020, siku chache baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona, mzee mmoja anayechuuza samaki kwa baiskeli alinisimamisha njiani mjini Mtwara. Kila alfajiri huchukua samaki Mikindani, hulifunga tenga kwenye keria, akanyonga hadi mjini na kuzunguka nalo mitaani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe uliyesoma: hii baiskeli niitundike, au niendelee nayo?"

Nilikuwa na haraka. Nikamwambia avae barakoa, nikaenda zangu. Jibu lile linanisuta mpaka leo. Mtu wa umri wake, mwenye mzigo wa samaki nyuma na jua la Mtwara utosini, nilimwagiza afunike pua na mdomo akiwa anapanda kilima peke yake, mahali ambapo hakuna wa kumwambukiza wala wa kuambukizwa naye. Huko sokoni, ambako watu hujazana kulizunguka tenga lake, sikumwambia neno. Haya ninayoandika sasa ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile, na yanamhusu kila anayenyonga baiskeli Mtwara na Lindi, awe wa shamba, wa mjini au wa mazoezi ya jioni.

Kwanza ujue ugonjwa wenyewe unasafirije. Watu husema "janga" kana kwamba yote ni mamoja, lakini korona husafiri zaidi kwa pumzi: mtu anapoongea, kuimba, kukohoa au kuhema kwa nguvu, hutoa chembechembe ambazo mwingine huzivuta. Marburg, iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, haiendi hivyo. Hiyo hupita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Kipindupindu nacho hupitia kwenye maji na chakula chenye kinyesi. Kwa hiyo, siku ya kipindupindu jihadhari na dumu la maji mnalopokezana njiani na miwa iliyomenywa kwa mikono michafu. Baiskeli haina kosa. Siku ya Marburg, usimguse mgonjwa. Kwa maradhi ya pumzi ndiko kwenye maneno mengi, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Ugonjwa wa pumzi hupenda mahali palipofungwa. Fikiria haisi iliyojaa, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, na mmoja nyuma anakohoa. Pumzi za watu wote zinazunguka humohumo kwa muda wote wa safari. Nje hewa huchukua chembechembe hizo na kuzitawanya, na pwani yetu haikosi upepo. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu watembee au wapande baiskeli pale inapowezekana: unajitenga na wenzio na mwili unapata mazoezi kwa safari moja. Jiji la Bogotá huko Kolombia lilitenga kilomita 76 za barabara kwa ajili ya baiskeli, haraka haraka, ili watu wapungue kwenye mabasi. Hispania, mwaka huohuo, ilipiga marufuku kwa wiki kadhaa kuendesha baiskeli kwa matembezi, ikaruhusu safari za lazima tu, kama za kazini. Hapa kwetu hatukufungiwa ndani, kwa hiyo uamuzi ulibaki kwa mwenye baiskeli. Maoni yangu: kwa ugonjwa wa pumzi, mtu mzima wa afya anayekwenda peke yake kutoka Naliendele hadi mjini, au kutoka Ng'apa hadi Lindi, yuko salama zaidi kwenye baiskeli kuliko kwenye gari lililojaa.

Peke yake, nasema. Vijana wanaotoka jioni kwa kundi wana tabia ya kufuatana gurudumu kwa gurudumu, wa nyuma akijificha upepo nyuma ya wa mbele. Aprili 2020 wahandisi wa Ubelgiji na Uholanzi waliuangalia mkia wa hewa unaobaki nyuma ya wa mbele kwa hesabu za kompyuta, wakashauri kuacha kama mita 10 kwa mwendo wa taratibu na mita 20 kwa mwendo wa kasi. Kazi yao ilihusu matone yanavyoruka. Hawakupima virusi wala kuhesabu nani aliugua, basi usiichukue kama sheria. Lakini nafasi haigharimu kitu. Ukienda kilomita 15 kwa saa, mita 10 ni kama sekunde mbili na nusu: mwenzako akipita nguzo ya umeme, hesabu moja, mbili, tatu, ndipo nawe uipite. Kuongozana bega kwa bega mkipiga soga kwa sauti ndiyo mbaya zaidi, na malori yanayopita barabarani hayatawasubiri mmalize habari.

Barakoa, basi. Ukinyonga kwa nguvu, jasho huilowanisha, na barakoa iliyolowa hukuzuia kuhema vizuri na haichuji tena kama inavyotakiwa. Iweke mfukoni ndani ya bahasha au mfuko safi. Ukikaribia watu, simama, vaa, ndipo usogee. Jambo jingine tunaloliona dogo ni mate. Waendesha baiskeli wengi, nami nimo, hutema pembeni bila kutazama nyuma, na wengine hupenga kamasi kwa kidole. Kipindi cha mlipuko beba leso; ukizidiwa na kikohozi, shika breki, simama kando, kohoa kwenye kiwiko.

Sasa tufike unaposhukia, maana safari ya baiskeli ina hatari ndogo njiani na kubwa mwishoni. Mzee wangu wa samaki huambukizwa pale wateja wanapoliinamia tenga, mmoja anamgeuza jodari, mwingine anabonyeza jicho la changu kuona kama ni mbichi, wote wakibishania bei usoni mwake. Dawa yake ni rahisi kuliko barakoa ya kilimani: asimamishe baiskeli mahali penye upepo, yeye mwenyewe ndiye anyanyue samaki, mteja aoneshwe akiwa umbali wa hatua mbili, na barakoa ivaliwe hapo. Mkulima anayepeleka gunia la korosho chama cha msingi cha ushirika msimu wa Oktoba, barabarani hana shida. Shida imo ghalani, kwenye foleni ya mizani. Apeleke asubuhi kabla hapajajaa, asubirie nje chini ya mwembe, aitwe zamu yake ikifika. Vivyo hivyo kwa kijiwe cha bao na kahawa, ambako vikombe vinne huzunguka midomo ishirini.

Na fundi baiskeli? Hapa wenye baiskeli mtanielewa. Ukishajaza upepo, ili ujue kama valvu inavuja, unafanyaje? Unalamba kidole, unapaka mate juu ya valvu, unatazama kama yanatoa povu. Mafundi wengine hushika nati na viraka kwa meno mikono ikiwa imejaa grisi. Pampu yenyewe hupita mikononi mwa mtaa mzima. Kikopo cha maji yenye sabuni kitaonesha uvujaji vizuri kuliko mate, na kitafaa kunawia pia. Hata hivyo usihangaike kuosha baiskeli nzima kila ukirudi. Kwa korona, kugusa vyuma kulionekana kuwa njia ndogo ya maambukizi ukilinganisha na pumzi. Futa usukani na breki kwa maji ya sabuni, nawa mikono kwa sekunde 20, inatosha. Niliwahi kuona mtu amemwagia cheni klorini kali. Baada ya mwezi ilikuwa kutu tupu.

Kupakiza kunategemea unampakiza nani. Mke, mume, au mtoto mnayelala nyumba moja, pumzi mmekwishagawana tangu usiku. Jirani au abiria wa kulipa ni habari nyingine, kwa sababu uso wake uko nyuma ya kisogo chako safari nzima.

Kuna abiria mmoja ambaye hatuwezi kumkwepa kwa maelezo ya mjini. Vijijini kwetu, kuanzia Nanyumbu hadi Liwale, baiskeli ndiyo gari la wagonjwa. Mtu akizidiwa usiku huwekwa kwenye keria, mmoja anasukuma, mmoja anamshikilia, na nyuma wanafuata wajomba na mashangazi. Sitasema muache, maana mgonjwa hawezi kubaki akisubiri gari lisilokuja. Kama ni homa na kikohozi, mgonjwa avae barakoa akiweza kupumua nayo, wanaomsukuma wavae, na wasindikizaji wasizidi wawili. Pigeni simu zahanati kabla ya kutoka, na mkifika kaeni nje mpaka mhudumu aje. Lakini ikiwa imetangazwa Marburg au ugonjwa unaofanana nayo, na mgonjwa ana homa kali, anatapika, anaharisha au anatoka damu, msimbebe. Hapo kumshikilia tu kwenye keria kunatosha kuambukizwa. Mtengeni, pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na msubiri watu wenye vifaa. Najua ni vigumu kumwambia mtoto asimshike mama yake. Mama mwenyewe, angeulizwa, asingekubali mtoto aje kulazwa kitanda cha pili.

Wewe mwenyewe ukijisikia homa, baiskeli ibaki ukutani. Huku kwetu kila homa huitwa malaria, na mara nyingi ni kweli, ila wakati wa mlipuko usijitibu kwa kukisia, pima. Mwenye korona anaweza kuambukiza siku mbili kabla hajaona dalili, kwa hiyo na aliyekaa chumba kimoja na mgonjwa atulie nyumbani hata kama anajiona mzima.

Endesha taratibu pia. Mteremko wa kushuka kutoka uwanda wa juu wa Newala bila breki za uhakika ni hatari mwaka wowote. Mwaka wa janga, mguu uliovunjika unakupeleka kwenye wodi yenye wagonjwa ambao huwataki karibu yako, kwa wauguzi waliochoka. Kaza breki, weka taa, na wanaovaa kanga au baibui wafunge pindo lisiingie kwenye cheni.

Msije mkaiacha baiskeli kwa woga, lakini. Wenye presha na kisukari ndio korona iliwaumiza zaidi, na mazoezi ni sehemu ya tiba yao. Mtu mzima anashauriwa dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Mjini Mtwara hadi Mikindani ni kama kilomita kumi, dakika 40 kwa mwendo wa mzee wangu. Kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki umezipita dakika hizo.

Anayetoka kuugua asirukie kilima siku aliyopata nafuu. Korona huweza kuacha uvimbe kwenye misuli ya moyo hata kwa kijana. Madaktari walishauri upite kwanza muda wa siku saba bila dalili yoyote, kisha wiki mbili za kutembea na kunyonga polepole kwenye tambarare, bila mzigo. Kifua kikibana, moyo ukienda mbio isivyo kawaida au ukisikia kizunguzungu, shuka, pumzika, na uende ukapimwe bila kuchelewa.