Tathmini ya ukuaji wa mtoto si mtihani

Wazazi wengi wakipewa miadi ya tathmini ya ukuaji wa mtoto wa miaka miwili, huanza kumfundisha: taja rangi, hesabu hadi kumi, msalimie daktari. Wanadhani mtoto anakwenda kufanya mtihani. Sivyo. Mtaalamu anataka kumwona alivyo kila siku: anavyotembea, anavyoshika vitu vidogo, anavyoelewa na kusema, anavyohusiana na watu. MDAT, kipimo cha ukuaji wa watoto kilichotengenezwa Malawi kwa kuzingatia maisha ya watoto wa huko, kinagusa maeneo hayo hayo manne. Mtoto aliyekaririshwa jana usiku anaweza kuficha ugumu ambao angesaidiwa mapema, na hilo ndilo linaloniumiza.

Cha kuandaa ni taarifa. Beba kadi ya kliniki. Andika maneno anayoyasema mwenyewe, ya lugha zote za nyumbani. Neno la Kisukuma lina uzito sawa na la Kiswahili. Kama alizaliwa njiti, sema alizaliwa wiki ya ngapi, kwa kuwa hadi afikishe miaka miwili umri wake kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Rekodi video fupi akicheza, hasa akifanya lile linalokutia wasiwasi, maana ugenini huenda asilifanye. Bibi au dada wa kazi anayeshinda naye aje pia. Mara nyingi ameona mengi kuliko wazazi.

Omba saa ambayo mtoto huwa hana usingizi wala njaa. Akilia au akigoma, usimkaripie. Mweleze mtaalamu kama na nyumbani huwa hivyo.