Mikono mitatu ya trekta: maana yake na ilikotoka

Simama nyuma ya trekta la shambani, uangalie panapofungwa plau. Utakuta mikono mitatu ya chuma: miwili chini, kushoto na kulia, na mmoja juu katikati. Kazi yake ni kuifanya zana iwe kitu kimoja na trekta, ili dereva aishushe na kuinyanyua kwa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo, akiwa kwenye kiti chake. Kwa maoni yangu, hakuna kifaa kilicholibadilisha trekta kiasi hiki tangu lipate injini ya mafuta.

Kabla yake plau ilikokotwa tu. Fordson, trekta la bei nafuu ambalo Henry Ford alianza kulitengeneza kwa wingi mwaka 1917, liliivuta kwa nyuma kama ng'ombe avutavyo jembe. Plau ikinasa kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma yalikwama, injini ikaendelea kusukuma, na trekta likainuka pua hadi kumpindukia dereva. Watu walikufa hivyo.

Harry Ferguson, fundi kutoka kaskazini mwa Ayalandi, alilihangaikia tatizo hilo kwa miaka mingi. Siri iko kwenye ule mkono wa juu. Udongo unapoizuia plau, plau hutaka kubiringika kwenda mbele. Mkono wa juu huupokea msukumo huo na kuupeleka kwenye trekta, na pua hubaki chini. Wakati huohuo uzito wa plau na nguvu ya udongo inaoukata huyakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Ndiyo maana trekta jepesi liliweza kufanya kazi ya trekta zito. Mkono huohuo huhisi pia ugumu wa ardhi: msukumo ukizidi, haidroliki huinyanyua plau kidogo, kisha huirudisha.

Oktoba 1938 Ferguson alilipeleka trekta lake Dearborn, Michigan, akamwonyesha Ford likilima. Wakakubaliana kwa kupeana mikono, bila mkataba wa maandishi. Mwaka uliofuata Ford 9N likaingia sokoni, na pamoja na 2N lililolifuata, yakatengenezwa takriban 300,000. Lakini mwaka 1947 Henry Ford wa Pili, mjukuu wa mzee, aliyavunja makubaliano na kutoa 8N lenye mfumo uleule. Ferguson akashtaki, akidai dola milioni 251. Kesi iliisha mwaka 1952 kwa Ford kumlipa dola milioni 9.25. Uvumbuzi wa thamani ile ulistahili karatasi na sahihi tangu siku ya kwanza. Mwaka 1953 Ferguson aliungana na Massey-Harris ya Kanada, na ndiko lilikotoka jina Massey Ferguson ambalo wakulima wa Kenya na Tanzania wanalijua vizuri.

Kampuni nyingine za Marekani hazikukaa kimya. International Harvester ilibuni Fast Hitch, Case ikaja na Eagle Hitch, Allis-Chalmers na Snap Coupler, kila moja ikiwa na namna yake ya kufunga zana. Kwa mkulima hicho kilikuwa kifungo: ukinunua trekta lao, unalazimika kununua na plau yao. Hataza za Ferguson, yaani haki za kisheria za kuumiliki uvumbuzi wake, zilipokwisha muda, mikono mitatu ikageuka kuwa kiwango cha wote, John Deere ikiwamo, na zile nyingine zikaachwa. Leo plau ya kiwanda kimoja hufungwa kwenye trekta la kiwanda kingine.

Mradi ukubwa ulingane. Kiwango kimegawanywa katika makundi kufuatana na nguvu ya trekta. Kundi la kwanza, la matrekta madogo, lina pini za chini zenye unene wa takriban milimita 22. Kundi la pili ni takriban 28. Ukinunua plau iliyotumika, pima pini hizo, na upime pia nafasi kati ya mikono miwili ya chini, kabla hujalipa.