Kwa nini ukiweka IP ya kudumu kwenye Linux ping inapita ila tovuti hazifunguki?

Mtu anaweka IP (namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao) ya kudumu kwenye Ubuntu yake, aina mojawapo ya Linux, ili printa na simu za nyumbani ziipate kwa namba ileile kila siku, anawasha upya, intaneti hakuna. Anampigia mtoa huduma kulalamika. Mtoa huduma hapo hana kosa jamani.

Kwanza tuondoe uongo wa vijiweni: IP ya kudumu ya nyumbani haiongezi spidi, wala haikufanyi uonekane kutoka nje. Namba za 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 unasema hivyo, kwa hiyo jirani mnayepakana ukuta anaweza kuwa na 192.168.1.20 kama yako na hamgongani, kila mtu na rauta yake. Anayekwambia weka stetiki, yaani hiyo IP ya kudumu, ili gemu lisigande, mwachie maneno yake.

Kinachokatika ni kingine. DHCP, ile huduma ya kwenye rauta inayogawa namba yenyewe, ni kama dalali wa Sinza: hakupi chumba tu, anakuonyesha na uchochoro wa kutokea barabarani, tena anakwambia mjumbe ni nani, ukimtafuta mtu kwa jina ukamuulize huyo. Chumba ndo IP, uchochoro ni getiwei (anwani ya rauta), mjumbe ni DNS, anayegeuza jina la tovuti kuwa namba. Ukiingia bila dalali hayo yote unajaza mwenyewe, na wengi wanamsahau mjumbe, ndo maana ping 8.8.8.8, amri ya kujaribu kama kompyuta ya mbali inajibu, inapita vizuri kabisa (ile ni namba, haiulizii kwa mtu) halafu brauza inasema tovuti haijulikani.

Kwenye terminal andika ip route. Usipoona default via, huna uchochoro. Ukiiona, andika resolvectl status uangalie kama kuna DNS yoyote, japo si kila Linux ina amri hiyo. Kwenye Ubuntu Server faili la mpangilio wa mtandao liko /etc/netplan, na ukipanga nafasi kwa Tab linagoma. Ukimaliza kulihariri tumia sudo netplan try: usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha mpangilio wa zamani yenyewe, raha sana hiyo.

Faiba ikizingua ukachomeka rauta ya laini, cheki tena. Nyingi za Huawei anwani yake ni 192.168.8.1, na kompyuta yako bado inaitafuta getiwei ya zamani, 192.168.1.1, ambayo haipo.

Halafu chagua namba iliyo nje ya zile rauta inazogawa, la sivyo simu ya mgeni inaweza kupewa ileile mkawa mnakatikakatika wote wawili. Au ingia kwenye rauta uifungie kompyuta namba kwa MAC yake (namba ya kiwandani ya kadi yake ya mtandao), Linux huigusi kabisa na DHCP inaendelea na kazi yake.