Kiporo cha wali: kupasha moto pekee hakutoshi

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba inaaminika kwamba wali uliolala jikoni huwa salama almuradi upashwe moto barabara asubuhi. Imani hiyo ina msingi, kwani moto huua vijidudu vingi; lakini mchele aghalabu huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa nje usiku kucha mbegu hizo huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Wali wa nazi ukichacha pua huujua. Sumu hii haijulikani kwa kunusa wala kuonja.

Kinachoweza kukaguliwa ni joto na muda. Baada ya chakula cha usiku, chota wali wa katikati ya sufuria: mara nyingi bado ni vuguvugu, hali inayomfaa sana bakteria huyo. Utandazwe kwenye sinia upoe, kisha uingie frijini, chini ya nyuzi 5, ndani ya saa 2. Kesho yake ukaangwe kwa kitunguu, bizari na samaki aliyebaki, naye awe amehifadhiwa vivyo hivyo, mpaka utoke mvuke kote. Asiye na friji, kwa maoni yangu, ni heri apunguze mchele wa usiku.