Umeacha Unga, Mbona Moyo Hautulii?

Nimetoka soba, nyumba ya kuachia unga (heroini), na arosto, yale mateso ya kuukosa unga, ilikwisha zamani, lakini silali na nakasirika ovyo. Nini hiki?

Arosto ya mwili, yaani maumivu ya mifupa, kuharisha na makamasi, kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Ubongo ndio unaochelewa. Ulizoea kupewa raha na utulivu na heroini, sasa unajifunza upya kujitengenezea wenyewe. Kwa miezi kadhaa usingizi unaweza kuwa mbovu na kila kitu kukosa ladha. Hujarogwa wala hujashindwa. Amka saa ile ile kila siku, na ikishapita alasiri punguza kahawa ya barazani. Vikombe vidogo vile hakuna anayevihesabu.

Msongo wa mawazo unaingiaje hapo?

Mwili ukihisi tishio humwaga adrenalini na kotisoli: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Ubongo uliozoea unga unakumbuka dawa moja tu ya hali hiyo. Na tishio lenyewe si lazima liwe kubwa. Hela imepotea nyumbani, watu wote wanakutazama wewe, shangazi anasema, "Macho hayo, umerudi tena?" Jamaa, mna haki ya kuogopa, lakini ulizeni kabla ya kutuhumu.

Hamu ikinishika ghafla?

Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kazi yako ni kuivuka nusu saa hiyo. Jiulize: nina njaa? Nina hasira? Niko peke yangu? Nimechoka?

Chukua kijana wa Mwanakwerekwe aliyelipwa kibarua chake jioni. Pesa mfukoni, tumbo tupu, na njia ya nyumbani inapita maskani ya zamani. Hapo ujasiri hautoshi, panatakiwa mpango. Ale kwanza, japo urojo. Pesa amtumie dada yake kwa simu. Apite njia nyingine, na ampigie mwenziwe wa soba akiwa bado njiani, asingoje mpaka ameshafika. Akihisi kifua kinabana, avute pumzi taratibu kwa pua na aitoe kwa mdomo polepole zaidi ya alivyoivuta, mara kadhaa.

Na nikiteleza?

Mwambie mtu siku hiyo hiyo. Hatari kubwa ni kurudia kipimo cha zamani: mwili haukihimili tena, na watu wengi hufia hapo. Ukimkuta mwenzio haamki, anakoroma au anapumua kwa shida, midomo imegeuka buluu, mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali na msimwache peke yake. Kummwagia maji hakumwokoi.

Methadoni si kuhama unga kwenda unga mwingine?

Hapana. Ni dawa ya kunywa, inatolewa kwa kipimo chini ya uangalizi, inazuia arosto na kumwezesha mtu kwenda kazini. Katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, imekuwa ikitolewa tangu 2015. Lakini usiichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kukatika.

Mama anasema nina jini, twende tukasomewe.

Nenda, kisomo hakigombani na hospitali. Ugomvi huanza mtu anapoambiwa aache dawa, afungwe au apigwe, hapo ondoka. Huzuni ikizidi wiki mbili, ukapoteza hamu ya kula na ya watu, au ukasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hayo yana tiba. Ukiwaza kujiua usingoje wiki mbili: mwambie mtu sasa hivi akusindikize. Unguja nenda Kidongo Chekundu. Pemba anzia hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee kule Mkoani. Mueleze daktari na habari ya unga pia, maana vidonge atakavyokuandikia vinategemea hilo.